Msitupandie Mche Uleule Mlima Mzima

Barua ya wazi kwa Wizara ya Maliasili na Utalii, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA), Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na halmashauri zinazouzunguka mlima

YAH: KANDA ZA MISITU YA MILIMA YA ULUGURU

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mkulima wa iliki, ndizi na pilipili manga katika miteremko ya mashariki ya Uluguru. Kiangazi huwa naongoza wanafunzi na wageni wanaopanda mlima, kwa hiyo njia za huku nazijua hata gizani. Shamba langu nimepewa na mjomba, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na ni mjomba huyohuyo aliyenifundisha kuusoma mlima. Naandika kabla miche ya msimu haijaanza kugawiwa, kwa sababu ikishashushwa kwenye lori hakuna tena wa kumsikiliza mtu.

Niwaeleze kwanza yaliyotokea kijijini kwetu. Miaka sita iliyopita taasisi moja ilituletea miche ya mikaratusi na migrevilea. Ilikuwa mingi, na nia ilikuwa njema. Sina ugomvi na nia. Tuligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipanda kuzunguka chemchemi, la pili kwenye mashamba yaliyochoka katikati ya mteremko. La tatu, ambalo nami nilikuwamo, lilipelekwa juu kabisa, kwenye uwazi ulioachwa na moto, pale ukungu unapokaa hadi saa nne asubuhi. Shimo lilikuwa lilelile kote, futi moja kwa futi moja. Picha zikapigwa, soda zikanyweka, lori likashuka.

Kule juu hakuna kilichobaki. Miche ilisimama ya njano kama miezi mitano, halafu makangaga yakaifunika. Katikati migrevilea imeshika, na hapo nasema asante, tunapata kuni na nguzo. Kwenye chemchemi mikaratusi imekua hadi imelipita paa la zahanati. Zamani ndoo ya lita 20 ilijaa kabla mtu hajamaliza kusalimiana na wenzake, na salamu zetu si fupi. Kiangazi kilichopita jirani yangu mmoja aliitega ndoo, akaenda kuchuma mboga, akarudi, akaikuta nusu. Kwenye ripoti, nadhani, yote matatu yaliandikwa mstari mmoja: miche iliyopandwa.

Kilio changu ni hicho. Mnausimamia Uluguru kama msitu mmoja wenye mpaka mmoja, wakati ni misitu kadhaa iliyopandana kama ghorofa, kila ghorofa na miti yake, udongo wake, viumbe wake na kazi yake kwenye maji. Ghorofa za juu mmezifungia mlango. Za chini mmeziacha zibomoke, halafu mnashangaa nyumba inavuja.

Mkishuka basi pale Msamvu, stendi ya Morogoro, mlima mnaouona umeuinamia mji ni kilele cha Lupanga, mita 2,138 kutoka usawa wa bahari. Mji uko mita 500 na kitu. Kwa macho ni kama unaugusa, lakini kati ya stendi na kilele hewa hupoa kwa nyuzi kumi hivi, na kijana aliyepanda kwa fulana hushuka akitetemeka. Upande wetu wa mashariki hamuuoni mkiwa mjini. Huku ndiko upepo wa Bahari ya Hindi unakofikia: unapanda mteremko, unapoa, unamwaga mvua. Yako maeneo ya mashariki yanayopata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Ukivuka ukingo kwenda magharibi, upepo huo umeshatua mzigo wake. Ndiyo maana msitu mbichi upande wetu hushuka chini zaidi kuliko upande wa pili, na anayepanga kanda kwa kusoma mita peke yake kwenye ramani atakosea nusu ya mlima.

Ghorofa ya kwanza ni miombo: miyombo yenyewe, mininga, nyasi ndefu. Miti hii inaujua moto; hupukutisha majani, huungua magome, huchipua tena. Lakini humohumo chini, kwenye mawe ya chokaa kandokando ya barabara ya kwenda Matombo, kuna Kimboza, msitu wa hekta 400 hivi ambao wengi wenu mmepita na gari bila kujua mmepita wapi. Ndani yake, kwenye miti iitwayo mikadi, anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la bluu kali kama sare mpya ya shule. Duniani kote anapatikana kwenye vipande vichache vya msitu vya eneo hili tu. Walanguzi waliwakamata maelfu kwa ajili ya kuwauza ng'ambo kama mapambo ya sebuleni, hadi mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kule Johannesburg, biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku.

Marufuku ilimsaidia dhidi ya walanguzi. Dhidi ya msederela haijamsaidia, na msederela tuliupanda wenyewe. Ni mti wa Amerika ya kitropiki, wa mbao nzuri, mbegu zake zina mabawa. Uliletwa kwa nia njema kama ile ya lori letu. Sasa umejipandikiza ndani ya Kimboza na kuyabana makao ya kiumbe ambaye hana pa kuhamia. Basi mtu akiniambia mche ni mche, namwomba aende Kimboza.

Ghorofa ya pili ndiyo yetu sisi wakulima, kuanzia kama mita 800 hadi 1,500, ingawa upande wetu huanza chini zaidi. Hapa palikuwa na mivule, mikangazi, mibula na mikani yenye vigogo ambavyo watu watatu hawavikumbatii. Nasema palikuwa. Upande wa magharibi ukanda huu karibu wote umekuwa shamba. Upande wa mashariki umebaki kwenye makorongo na kwenye mashamba ya iliki. Tusiwatwishe ninyi lawama yote. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo tuliiacha miti mikubwa, tukafyeka kila kitu chini yake. Ukitazama kutoka mbali unaona msitu. Ukiingia, unaona wazee watupu bila watoto wala wajukuu. Mkani ukianguka hakuna wa kushika nafasi yake, na jua likishaingia iliki nayo inakufa, mwenye shamba anahamia kwenye mahindi, na mteremko umeisha. Shamba langu mwenyewe lina vigogo kumi na mmoja vya aina hiyo. Nimeanza kuiachia miche inayoota yenyewe, nikiiwekea vijiti ili vibarua wasiifyeke, na majirani wananicheka kwamba nalima magugu.

Juu ya hapo ndipo hifadhi yenyewe inaposhika. Hewa inabadilika ghafla. Hata wageni wasiojua mti mmoja husimama. Kuna podo, kuna ule mti wa kafuri ambao ukikata kipande cha gome mkono wako unanukia hadi kesho yake, na kwenye makorongo kuna kangaga za miti, shina lake refu kuliko mtu. Huku wapo vinyonga wenye pembe tatu. Yupo chura mdogo asiye na habari na madimbwi: hatagi mayai majini, viluwiluwi hakuna, anazaa watoto kamili. Kwenye vilele vya miti ya Uluguru Kaskazini anaishi ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano, ambaye hajapata kuonekana nje ya Uluguru. Nimemsikia mara nyingi, nimemwona mara mbili. Ndege mwingine mdogo, aina ya chozi, naye ni wa Uluguru peke yake. Na lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya lina ndugu zake hapa, wamejibana kwenye miamba yenye kivuli, hawana bei wala mnunuzi.

Viumbe hawa wamebaki kwa sababu mlima huu ni wa Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita kule Kenya hadi Udzungwa. Mawe yake ni ya kale mno, na upepo wa bahari umeinywesha misitu hii kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo bara kwingine lilikauka. Kila mlima ukabaki kama kisiwa, na kila kisiwa kikalea wa kwake. Nalieleza hili kwa wanafunzi wa Morogoro mjini, na wengi hushangaa kusikia kwamba kitu chochote cha kwao ni cha pekee.

Halafu inafuata ghorofa ninayoipenda, na hapa mtanivumilia nikikaa kidogo. Ukipita mita 1,800 hivi, miti inaanza kufupika. Inapinda, inashikana, matawi yanavaa ukoga mnene wa kijani kama manyoya ya kondoo. Hakuna jua, hakuna kelele, mvua hainyeshi lakini umelowa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mjomba aliponileta hapo mara ya kwanza. Alibandua donge la ule ukoga kwenye tawi, kubwa kama ngumi, akanitilia kiganjani.

"Kamua, mpwa wangu."

Nikakamua. Maji yakatoka kama kwenye nguo ya kufua, yakapita katikati ya vidole, yakaendelea kutoka hata nilipodhani yamekwisha. Ilikuwa Septemba, mito ya chini imenywea, mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika.

"Hakuna mvua, mjomba. Haya maji yametoka wapi?"

"Yalikuwa yanapita zake. Mti ukayashika."

Sijasoma elimu ya misitu, lakini baadaye niliwaongoza watafiti walionieleza jambo lilelile kwa maneno marefu zaidi: matone ya ukungu yanagonga majani, ukoga na magome, yanaungana, yanadondoka, yanaingia ardhini, na mlima unakuwa na mvua yake ya siri ambayo kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani hakiioni. Sasa nielezeni mkaratusi, wenye majani membamba yanayoning'inia na gome linalojibandua kila mwaka, unavaaje ukoga.

Juu kabisa, upande wa kusini, ni Lukwangule. Ni uwanda wa nyasi na viloweko kwenye mita 2,400 na zaidi, karibu na Kimhandu, kilele cha mita 2,630 ambacho ndicho kirefu kuliko vyote Uluguru. Ukitembea hapo ardhi inabonyea chini ya mguu kama godoro. Maofisa wawili niliowahi kuwaongoza waliangalia ule uwazi, mmoja akasema pangefaa sana kupandwa miti. Mheshimiwa, pale hapana pengo. Ile ni tangi. Nyasi zile na udongo wake mweusi hunyonya maji ya mvua na kuyaachia polepole. Adui wa Lukwangule ni moto, unaopanda kutoka mashambani kiangazi, unaokula ukingo wa ile miti mifupi, na kila ukipita mpaka wa msitu unarudi nyuma hatua kadhaa. Mti mfupi kama ule, wa unene wa mkono, unaweza kuwa na umri wa babu yangu. Hautarudi kwa kampeni ya wiki moja.

Sasa niwaunganishie hizi ghorofa kwenye bomba, maana najua bomba ndilo linaloitisha vikao. Mito ya Mgeta, Mvuha, Mfizigo na Mbezi hutoka mlimani na kuingia mto Ruvu. Ngerengere hupita bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea, kisha nao huishia Ruvu. Kutoka Ruvu, mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022, hunywa hapo. Oktoba mwaka huohuo wa sensa Ruvu ilipungua na jiji likaingia kwenye mgawo. Redioni nilisikia mengi kuhusu pampu, visima na watu wanaochepusha maji. Kuhusu ukoga sikusikia neno.

Serikali inajenga bwawa la Kidunda, la mita za ujazo milioni 190, na mimi naliunga mkono. Ila bwawa huhifadhi kile kinachofika, na kinachofika si maji peke yake. Tone la mvua likiangukia msitu wa ghorofa ya pili, linagonga jani la juu, linagonga la chini yake, linatua kwenye matandazo ya majani makavu, linazama. Likiangukia shamba la mahindi lililolimwa kufuata mteremko, linabeba udongo. Nimeona Mvuha ikiwa rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua ya saa moja. Tope hilo lina anwani: Mindu tayari linapokea la kwake, na Kidunda litapokea la kwetu. Ghorofa ya juu inakusanya maji, ya kati inayatunza, ya chini inayachuja na kuyapunguza kasi. Ukilinda ya juu peke yake umelinda mfereji wa paa huku ukuta umebomoka.

Na hapo ndipo penye udhaifu wa mpango tulio nao. Mwaka 2008 Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na misitu ya Bunduki viliunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, hekta 24,115. Lilikuwa jambo kubwa na naliheshimu. Askari wenu nawafahamu, wanafanya kazi ngumu na viatu vilivyochanika. Lakini mpaka ule, kwa sehemu kubwa, ulikaa pale jembe lilipokuwa limeishia. Maana yake umefungia msitu wa juu na kuiacha nje ghorofa ya pili, ambayo sasa ni ya kila mtu na si ya mtu. Huku nje kinachotufikia ni katazo la mita 60 kutoka mtoni, la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambalo kwenye bonde jembamba kama letu linachukua shamba zima la mtu, pamoja na lori la miche.

Nazijua sababu za lori. Kila halmashauri inatakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai unaisha Juni. Mkaratusi unaota kwa siku chache na kwa miezi minne uko tayari kupigwa picha. Mkani nao? Mbegu yake inaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuchipua, nyingine inafika miaka miwili. Nimejaribu mwenyewe. Nilifukia mbegu arobaini kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Mwaka ukapita kimya, mke wangu akapanda vitunguu juu yake, na mwezi wa kumi na tano ikachomoza mikani saba katikati ya vitunguu. Hakuna kitalu cha serikali kinachoweza kufanya hivyo na bado kikajibu hoja za mkaguzi. Kwa hiyo si kwamba wataalamu hawajui mti upi unafaa ghorofa ipi. Wanajua sana, nimewasikia wakizungumza jioni kwenye moto. Ni kalenda inayowachagulia mti.

Basi ombi langu la kwanza ni la karani, wala si la kishujaa: badilisheni kinachohesabiwa. Halmashauri tatu zinazouzunguka mlima, yaani Manispaa ya Morogoro, Wilaya ya Morogoro na Mvomero, zipewe ruhusa ya kuripoti miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, kwa kila ghorofa peke yake, na hesabu hiyo ijumuishe miche iliyoota yenyewe na kutunzwa. Mahali penye msitu jirani, hondohondo na popo wanapanda bure kila usiku na mchana. Wanachokosa ni mtu wa kukata makangaga na kuzuia moto kwa misimu mitatu minne. Huyo mtu mlipeni. Ni nafuu kuliko dizeli ya lori. Vitalu vya mikani, mibula na mikangazi vipewe vikundi vya vijijini kwa mkataba wa miaka mitano, nje ya pumzi ya mwaka wa fedha. Na mikaratusi ibaki mashambani, mbali na maji, kwa wanaotaka nguzo. Kwenye chemchemi isiguse kabisa, na ile iliyopo tuikate. Vibali vya kuikata visituchukulie miezi.

Kuhusu sisi wakulima, msije na amri. Mlima huu una kumbukumbu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya ngazi Uluguru nzima, kipimo kimoja, kila kaya. Huku mashariki udongo wa juu ni mwembamba. Ukichimba tuta unauzika ule mzuri na kuuleta juu ule mwekundu usioota kitu. Watu walilima matuta wakavuna majani. Mwaka 1955 Matombo wakakataa hadharani, na mpango ukafa. Lakini nendeni Mgeta leo, Nyandira na Tchenzema, mkaone watu wanavyolima kabichi, karoti na njegere kwenye ngazi zilizopangwa kama vitabu, bila kusimamiwa na askari. Kule kuna baridi, kuna maji ya kumwagilia, kuna soko la mboga, ngazi zinalipa. Watu ni walewale, ukoo ni uleule. Kilichotofautiana ni ghorofa. Wakoloni hawakuuliza. Ninyi mnaweza kuuliza.

Na ikija habari ya malipo, kuna mfano wa hapahapa. Kibungo Juu kuliwahi kujaribiwa mpango wa kuwalipa wakulima wanaotunza mteremko, kwa mchango wa watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam. Mradi ulikwisha kama miradi inavyokwisha. Sijui kwa nini jambo kama hilo liwe mradi. DAWASA wanakusanya bili kila mwezi. Sehemu ndogo ya kila yuniti, ikienda moja kwa moja kwa vijiji vya ukanda wa kati kwa kazi inayopimika, ingefanya iliki yenye watoto wa miti chini yake ilipe kuliko mahindi. Nami ningeacha kuchekwa.

Limebaki la Bunduki. Pale katikati, kati ya kaskazini na kusini, msitu ulikatika, yakaingia mashamba. Kwenye ramani ni pengo dogo. Kwa chura asiyevuka jua, au kwa ndege anayeogopa uwazi, ni bahari. Na joto linavyoongezeka, kila mti unatafuta baridi yake mita kadhaa juu zaidi. Wa ghorofa ya pili atapanda kwenda ya tatu kama kuna njia. Wa ukunguni hana pa kupanda, juu yake ni mbingu. Pengo la Bunduki lizibwe kwa makubaliano na wenye mashamba, ukoo kwa ukoo, na mjue kwamba mtu wa kuzungumza naye huenda si yule anayelima bali ni mjomba wake. Hilo limewahi kuvunja mikutano mingi ya uhamasishaji bila waandaaji kuelewa kwa nini.

Nawaalika mje. Septemba njia haina utelezi. Tutaanzia Kimboza asubuhi nikawaonyeshe mjusi, tutalala kwangu, kesho yake tutapanda hadi kwenye ukoga, na mwenye nguvu tutazunguka naye siku nyingine hadi Lukwangule kwa kupitia Tchenzema. Leteni sweta na viatu vya kufunga kamba. Chakula kipo. Ndoo ya pale chemchemini pia ipo, mtaitega wenyewe na kuangalia saa.

Ikiwa miche itatangulia kufika kabla yenu, nitapokea migrevilea ya mashamba ya katikati na kusaini. Ya juu na ya chemchemini nitaipakia tena kwenye lori kwa mikono yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkulima na mwongoza wageni,
Uluguru Mashariki, Morogoro